Kiti cha Mlingoti

Mama alikata sponji kwa kisu cha mkate, akaitazama, akaipunguza tena pembeni, halafu akamwita binti yake aje apimwe mgongo. Binti akaja amevaa ovaroli ya baba yake, imekunjwa miguuni mara nne na bado inafagia sakafu. Mtaani wanamwita Nusu Lita. Jina hilo alipewa shuleni na mtu mwenye chuki, likakaa, na kwa kuwa kweli ni mfupi hakuna aliyejisumbua kulibadilisha, hata yeye mwenyewe.

"Geuka," mama alisema. "Simama kama mtu, usisimame kama gunia."

"Mama, kiti kina mkono chini yake. Unavuta, kinasogea. Dakika haiishi."

"Najua kina mkono. Kuna mtu kauliza habari za mkono?"

Nusu Lita akageuka. Mama akamwekea sponji mgongoni, akaichora kwa chaki kufuata mabega, naye binti akatazama ukuta kwa subira ya mtu aliyekwisha kushindwa hoja hiyo mara tisa.

Kiti kilichokuwa kikisemwa ni cha dereva, ndani ya gari dogo lenye rangi ya maziwa yaliyoungua, lililokaa gerejini nyuma ya nyumba. Lilikuwa la kaka yake, Mlingoti. Huyo alikuwa mrefu kiasi kwamba kila mlango aliinama, hata mlango wa benki. Miaka miwili iliyopita kichwa kilimuuma Jumatatu. Ijumaa watu walikuwa wametoka makaburini, wananawa mikono. Gari aliliacha nusu limevuliwa. Alikuwa akiliandaa kwa siku ya uwanja, yaani ile siku ambayo uwanja wa mbio hufunguliwa kwa mtu yeyote mwenye gari lake la kawaida. Unalipia, unakaguliwa, unakimbia upendavyo bila polisi wala matuta. Hakuna kombe, hakuna mshindi. Mama aliposikia mara ya kwanza aliuliza kama kweli watu wanalipa ili wasifike popote. Mlingoti akamjibu kwamba ndiyo, na ndipo utamu ulipo.

Alikuwa amekwisha kulipia. Watu wa uwanja walisema nafasi yake inadumu miaka miwili na ndugu wa damu anaweza kuitumia. Miaka hiyo ilikuwa inaisha Jumamosi ijayo.

Kwa hiyo familia ilikubaliana jambo moja: gari litakwenda. Mama ndiye aliyekubali kwa nguvu kuliko wote, na hilo liliwashangaza. Ila aliweka sharti. Kiti cha dereva kisiguswe, kibaki pale pale alipokiacha mwenyewe, karibu na mwisho wa reli, kwa ajili ya miguu yake mirefu. Nusu Lita aliponung'unika kwamba kutoka pale haoni hata bega la barabara, mama alimwambia neno ambalo binti hakulisahau.

"Wewe ni dereva tu. Mwenye safari ni yeye."

Ndiyo sababu ya mto ule wa sponji.

*

Baba ni fundi breki. Juu ya mlango wa gereji ameandika BREKI TU, na mtu akija na habari za injini anamwelekeza mtaa wa pili bila kuinua kichwa. Anaamini kwamba kuondoa gari ni kazi ya mjinga yeyote. Kulisimamisha ndiko kunakohitaji shule. Shule yenyewe hakwenda sana.

Ukutani, kwa chaki, Mlingoti alikuwa ameandika mambo kumi na moja ya kufanya. Matano alikuwa ameyatia alama. Kwa miezi mitatu baba na binti waliyamaliza mengine, moja moja, kila jioni binti akitoka kazini kusambaza dawa kwa gari la duka. Walitoa kiti cha nyuma, zulia, redio, tairi la akiba, na kila kitu kilichokuwa na uzito bila faida. Walifunga betri isicheze. Walitia ndoano ya kuvutia mbele na nyuma. Walinunua pedi za breki zinazovumilia moto, kwa maana pedi za mjini, ukizipeleka uwanjani, mizunguko mitatu tu zinaanza kunuka na pedali inakuwa laini kama ndizi mbivu.

Yalibaki mafuta ya breki. Kuyabadilisha na kutoa upepo ni kazi ya watu wawili: mmoja amelala chini kwenye gurudumu na spana, mwingine ameketi kwenye pedali. Wanaitikiana.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia."

"Nimeshikilia."

Fundi anafungua skrubu, mafuta machafu yanaruka, anafunga. "Achia." Hivyo hivyo mara ishirini kwa kila gurudumu. Miaka kumi na mmoja mguu wa kazi hiyo ulikuwa wa Mlingoti, na baba alikuwa amezoea sauti nzito ikimjibu kutoka juu. Sasa ilimjibu sauti nyembamba, ya mtu aliyening'inia ukingoni mwa kiti akiitafuta pedali kwa ncha ya kiatu, kama anayevuta ndala iliyoingia mvunguni. Mara mbili baba alichelewa kusema achia. Nusu Lita alishikilia tu.

Walipomaliza, baba alizunguka upande wa dereva kufunga mlango, akaona kioo kimeshuka vidole viwili.

Alisimama. Jana yake alikuwa amekipandisha mwenyewe mpaka mwisho. Mlingoti hakuweza kuendesha gari lililofungwa. Hata mvua inyeshe, kioo chake hushuka vidole viwili, na bega lake la kulia lilikuwa halikauki msimu mzima. Hiyo ilikuwa mara ya nne wiki hiyo baba kukikuta hivyo. Alishika mkono wa kioo, akauzungusha polepole hadi juu, akautazama kana kwamba utasema. Haukusema. Siku ile binti alipopendekeza watoe kioo na mitambo yake yote waweke plastiki nyepesi, kama wafanyavyo wenzao, baba alikuwa amemkatalia kwa kusema kioo ni lazima kisheria. Hakuna sheria kama hiyo. Alhamisi hiyo aliupaka ule mkono grisi nyingi kuliko inavyohitajika, ili yeyote anayeuzungusha asipate tabu. Hakumwambia mkewe. Alikuwa na sababu zake za kutozungumzia mlango ule, na moja haikuwa ya kujivunia.

*

Siku moja kabla ya hapo, Jumatano, alikuwa amekuja shangazi, dada yake baba. Alipita gerejini kwanza, kwa sababu hapiti mahali bila kupachungulia, halafu akaingia ndani, akakaa kwa kishindo.

"Gari mmelivua mpaka chupi," alisema. "Hata aibu hamna."

Akaendelea kwa namna yake, akizunguka kwanza. Alisema yeye hana neno, ila watu wana maneno. Wanauliza ni nyumba gani inayolitengeneza gari la maiti kama bibi harusi. Wanauliza huyo msichana ataolewa lini akiwa na grisi kwenye kucha. Yeye aliwajibu wakome, lakini si unajua watu. Mama alishona mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno, akainuka kuchukua daftari lake la vipimo.

Lilikuwa daftari la wateja: viuno, mabega, urefu wa gauni. Alifungua ukurasa wa mwanawe. Chini ya urefu wa suruali, ambao mafundi wengine wa cherehani walikuwa wakija kuushangaa, aliandika kipimo kingine siku ya tatu baada ya mazishi: kutoka pedali ya breki mpaka ukingo wa kiti, inchi ishirini na mbili na nusu. Alikuwa amekwenda na utepe wake wa kupimia, akapima, ili ajue.

"Sasa soma hapa chini," alimwambia wifi yake.

Shangazi akasoma kwa kidole. Ishirini na mbili na nusu. Mwezi uliofuata, ishirini na moja na robo tatu. Halafu ishirini na mbili na nusu. Halafu ishirini na tatu na robo. Kurasa mbili za namba, kila moja na tarehe yake.

"Kiti kinatembea?"

"Mtu akikaa muda mrefu hujisogeza," mama alisema. "Wewe kwenye basi hujisogezi?"

Shangazi aliliweka chini birika alilokuwa amelishika. Akauliza kwa sauti ndogo kama kaka yake anajua.

"Nikimwambia atasema reli zimelegea, atakuja na grisi. Yule kila kitu ni grisi."

Shangazi alikunywa chai ikiwa moto. Alipoondoka alizunguka kwa mlango wa mbele, njia ndefu, asipite gerejini.

Kulikuwa na jambo ambalo mama hakumsimulia hata yeye. Kila alfajiri, kabla nyumba haijaamka, alikuwa akiingia gerejini kwa mlango wa uani na kuketi kiti cha abiria, kama alivyokuwa akiketi Mlingoti alipompeleka kununua vitambaa. Hakugusa kiti cha dereva. Alikaa tu, mikono mapajani, akitazama mbele kupitia kioo chenye vumbi, kwenye ukuta wenye chaki. Wakati mwingine alimsimulia habari za wateja wasiolipa. Halafu alirudi ndani kuwasha jiko.

*

Ijumaa asubuhi walilijaribu gari kwenye barabara ya nyuma ya maghala, ambayo haina kitu siku hiyo ila mbwa. Baba aliweka ndoo mbili barabarani. Kwenye ya kwanza ukanyage, kwenye ya pili uwe umesimama. Alijua gari lile lingesimama kabla ya ndoo ya pili na nafasi ya kuegesha jingine ikabaki. Breki alikuwa amezifanya kama anamfanyia mfalme.

Nusu Lita alikuja kwa kasi, uso mdogo juu ya usukani, kofia ngumu ya kaka yake imemfunika mpaka nyusi. Akakanyaga. Gari likainama pua, likaanza kusimama vizuri, kisha likawa kama limebadili nia. Likapita ndoo ya pili, likaigonga, ikabiringika mtaroni.

Baba alikwenda dirishani. "Hazijashika?"

"Zimeshika," alisema binti. "Mimi ndiye sikufika. Nikisukuma pedali, mto unarudi nyuma, na mimi narudi nao."

Walirudia mara tatu. Ndoo ilikufa mara ya tatu.

Sasa hapo ndipo penye kosa, na kosa lenyewe lilikuwa la mtu anayejua. Kila mteja aliyewahi kuketi kwenye gari mbele ya fundi huyu alihubiriwa mahubiri yale yale: goti libaki limekunjika hata pedali ikifika mwisho, la sivyo huna breki, una pambo. Aliwahi kumfukuza dereva wa teksi mbele ya watu kwa kuegemea mto. Leo alikuwa amesimama kando ya binti yake mwenyewe aliyeegemea mto, akijua kwamba kesho, mwisho wa njia iliyonyooka, huyu mtoto atahitaji kusimamisha gari kutoka mwendo ambao barabara ya maghala haijawahi kuuona, na mbele yake kuna kona, na baada ya kona kuna ukuta.

Jioni, wakila, alijaribu. Alisema mto ule haufai. Mama akasema ataongeza sponji. Baba akasema shida si sponji, shida ni kiti.

"Ukikisogeza," mama aliuliza, "atakaa wapi?"

Baba alitafuna. Alikuwa na jibu, fupi na la kweli, na kama angelitamka asingeweza tena kuinua macho mezani pale. Tena alikuwa na ile sababu yake isiyo ya kujivunia. Na kioo je? Nani anayekishusha kioo?

"Basi tia sponji ngumu," alisema.

Nusu Lita alitazama sahani yake. Hakuna aliyemuuliza yeye kama anaogopa. Alikuwa anaogopa, na alikuwa anataka kwenda, na kati ya hayo mawili hakuona pa kuingiza neno.

*

Uwanjani walifika kwa makundi: binti na mama ndani ya gari, mto mgongoni mwa binti na chupa ya chai mapajani kwa mama, baba nyuma yao kwenye pikapu ya kukodi, ameshikilia matairi na sanduku la spana. Magari ya wengine yalikuja yamebebwa juu ya trela, yamefunikwa mashuka kama wagonjwa wa heshima. Askari wa getini alilitazama gari lao, akaitazama chupa ya chai, akawaelekeza upande wa wauza vinywaji.

"Tumekuja kukimbia," Nusu Lita alisema.

"Kukimbia nani?" aliuliza askari, na wenzake wakacheka. Mama akatoa karatasi ya Mlingoti kifuani. Askari aliisoma mpaka chini, akainua kizuizi bila kuomba radhi.

Mkaguzi alikuwa mtu mwembamba mwenye penseli sikioni na sauti ya mtu aliyeamka kabla ya jua. Alitikisa magurudumu, akavuta betri, akapima kofia, akajaza vijisanduku kwenye karatasi yake. Aliinama kwenye breki muda mrefu.

"Nani kafanya hizi?"

Baba alitazama viatu vyake. "Mimi."

"Kazi safi. Ningekuwa na gari ningekuletea." Akafungua mlango wa dereva. "Na hiki nini?"

"Mto," mama alijibu.

"Naona ni mto, mama yangu. Kitu kisichofungwa hakiingii uwanjani."

"Nina sindano hapa. Nitaushonea kwenye kiti."

Nyuma yao mtu akacheka ndani ya kofia yake. Mkaguzi hakucheka. Alimwomba binti akae bila mto, akanyage. Binti akakaa, akanyoosha mguu mpaka kisigino kikainuka, akaigusa pedali kwa vidole, kama anayejaribu maji ya kuoga.

"Sogeza kiti."

Hakuna aliyesogea. "Kiti hakisogezwi," mama alisema.

"Kimekwama? Kama kimekwama gari halipiti. Nawapa dakika kumi." Akaenda kwenye gari la nyuma, lililokuwa limeanza kupiga honi.

Baba alisubiri mpaka mkaguzi akageuka. Alizungumza akiangalia gurudumu, kwa maana mambo makubwa huyasema akiangalia gurudumu.

"Mama watoto. Yule alituondokea hatuna la kufanya. Ningekuwa nalo ningelifanya. Huyu, mkanda nitamfunga kwa mikono yangu hii, nikijua mguu haufiki." Akalipangusa gurudumu. "Siwezi. Tulirudishe nyumbani. Au ukisogeze."

Mama alimtazama mumewe, kisha binti yake, ambaye kofia ya kaka yake ilimfanya aonekane kama uyoga. Karatasi ya Mlingoti ilikuwa bado mkononi mwake, na tarehe yake ilikuwa ya leo.

"Ondokeni hapo," alisema.

Walirudi nyuma hatua tatu. Mama aliinama kwenye mlango wa dereva. Alisema kitu kwa sauti ya chini, si dua, ni lile neno ambalo mama yeyote huwaambia watoto wanaobanana kwenye mkeka: sogea kidogo, mpishe mwenzio. Akaketi. Alishika mkono chini ya kiti, akakaza mguu kwenye kizingiti, akavuta kwa nguvu zake zote, kama mtu anayevuta chuma kilichokaa na kutu miaka miwili.

Kiti kilikwenda kama sabuni. Kilimrusha mbele mpaka kifua kikabonyeza usukani, na honi ikalia, ndefu. Uwanja mzima ukageuka.

Mama alibaki vile vile amekumbatia usukani. Halafu akapitisha kidole kwenye reli. Iling'aa. Alikitazama kidole, na hakuhitaji kunusa; miaka thelathini na miwili amekuwa akiifua harufu hiyo kwenye mashati.

"Nani kapaka grisi?"

"Kilikuwa kinalia," baba alisema.

"Kinalia kikifanywa nini?"

Hapo baba aliona hakuna gurudumu la karibu la kuangalia. Akasema. Kila asubuhi mkewe akienda kununua mkate, yeye huingia kukaa. Si kwa muda mrefu. Miguu yake haifiki, hivyo hukisogeza mbele, akashika usukani pale alipokuwa akishika mwanawe, halafu hukirudisha. Huhesabu meno ya reli, saba kutoka mbele.

"Saba?" Nusu Lita alivua kofia. "Mimi nimekuwa narudisha nane."

Wazazi wakamgeukia.

"Mchana," alisema binti. "Mama akijinyoosha."

Mama hakulifungua daftari. Alilijua kwa moyo. Ishirini na moja na robo tatu, hiyo ni saba. Ishirini na mbili na nusu, hiyo ni nane. Ishirini na tatu na robo, hiyo ni nane iliyopitilizwa na mtu mwenye haraka ya kurudi kazini. Namba zote zikapata wenyewe, kurasa mbili, tarehe kwa tarehe, na hakuna hata moja iliyobaki kwa Mlingoti. Nyumba ya watu watatu, kila mmoja na zamu yake, na yeye kwa zaidi ya mwaka na nusu akipika, akishona, akitabasamu peke yake kwamba mwanawe anajisogeza kitini ili apumzishe miguu. Alishuka garini taratibu. Katika dakika tano alikuwa amefiwa tena, na safari hii hapakuwa na watu wa kumshika mkono.

"Tukirudi nitakirudisha sawasawa," baba alisema. "Una kipimo, sivyo? Niambie inchi ngapi."

"Kiache hapo."

Mkaguzi alirejea, akamwona binti ameketi, goti limekunjika, unyayo mzima kwenye pedali. "Kumbe kinasogea," alisema, akatia alama. Kisha akagonga mlango kwa penseli. "Na kioo. Ama juu kabisa ama chini kabisa. Nusu nusu sitaki."

Wote wakatazama. Kioo cha dereva kilikuwa kimeshuka vidole viwili.

"Jana jioni nilikipandisha," baba alisema polepole. "Kwa mkono wangu."

"Mimi nimekikuta hivi leo asubuhi," alisema Nusu Lita. "Nikaogopa kukigusa. Baba, si wewe unayekishusha siku zote?"

"Mimi huwa nakifunga. Nilidhani..."

Baba na binti walitazamana, na nyuso zao zikabadilika, zote mbili kwa pamoja, zikawa na hofu na juu ya hofu kitu laini ambacho mama alikitambua mara moja. Kilikuwa kile kile alichokuwa nacho yeye mpaka dakika tano zilizopita.

Alikuwa yeye, bila shaka. Kila alfajiri, akiwa kiti cha abiria, alijinyoosha juu ya kile kingine bila kukigusa, akazungusha mkono wa kioo, vidole viwili, ili mtoto asikose hewa kwenye gereji ile iliyofungwa. Leo pia. Leo mkono ule ulikuwa na grisi nyingi kuliko inavyohitajika, na ingawa alikuwa ameosha, mstari mweusi ulibaki kiganjani, kutoka kidole gumba mpaka kifundo cha mkono. Alikuwa ameuona njia nzima.

Angesema tu. Ingekuwa haki, wao walikuwa wameimaliza faraja yake kwa kuhesabu meno. Mama alikunja ngumi.

"Kishusheni chote," alisema. "Leo apate hewa ya kutosha."

Nusu Lita akazungusha mkono, kioo kikazama chote mlangoni. Baba akamfunga mkanda, akauvuta mara mbili, akauvuta tena. Bendera ikapepea na gari lenye rangi ya maziwa yaliyoungua likatoka nyuma ya magari ya thamani, likapiga kelele kuliko yote.

Wawili wale walikwenda kusimama kwenye uzio. Mama akautupa mto wake chini kwenye zege, akaukalia, na kwa mara ya kwanza tangu ushonwe mto ule ukapata kazi inayoufaa. Mwisho wa njia iliyonyooka gari lilionekana dogo kama kitufe. Taa nyekundu za nyuma zikawaka. Baba, bila kujijua, alikanyaga ardhi kwa mguu wa kulia. Pua ikainama, gari likatulia, likaingia kwenye kona kama mtu anayeingia chumbani kwake.

"Zimeshika pazuri," alisema, na sauti yake haikuwa nzuri.

Mizunguko miwili ikapita. Baba akachuchumaa kando ya mkewe.

"Kiti kile ni sisi," alinong'ona. "Hilo nimekubali. Lakini kioo, mama watoto. Kioo je?"

Mama aliitazama barabara. Gari lilikuwa linakuja tena, dirisha wazi.

"Kioo," alisema, "ndiyo."

Baba aliinamisha kichwa, akatikisa, akajifuta macho kwa mkono wa shati. Naye mama akaingiza kiganja chini ya mto aliokalia, upande ambao hakuna atakayeutazama, akakifuta grisi mpaka kikawa cheupe.